Bomba la Saba

Baba, mdomo wa bomba lako la saba
bado unatema majira yote.
Hata Februari, Jutlandi ikiwa ngumu kama chuma,
unatema tone, tone, tone,
kama mtu aliyekatazwa kusema
asiyejua kunyamaza.

Nimepiga magoti ukingoni mwa Lerbæk
na chupa ya jamu niliyoiosha mara tatu.
Maji ni maangavu. Ungeyasifu.
"Tazama," ungesema, "unaweza kuhesabu kokoto."
Malthe, mjukuu uliyemwacha tumboni,
anachovya kikaratasi, anahesabu sekunde.
Kikaratasi kinaona haya:
rangi ya waridi, kisha ya ufizi uliojeruhiwa.
Hasemi kitu. Ananionyesha tu,
kama daktari anavyokuonyesha picha ya kifua chako.

Najua ulivyolizika bomba hili.
Majira ya baridi ya hamsini na tatu,
wewe na mjomba Ejgil, sepetu mbili nyembamba,
vigae vyekundu, kila kimoja kama mkono hadi kiwiko,
kimoja kikinusa kisogo cha kingine
mita mia nne na ishirini.
Hapa palikuwa kinamasi. Ng'ombe wawili walizama humo,
ulitusimulia kila Krismasi,
na kila Krismasi ng'ombe waliongezeka.
Ukakikausha. Ukapanda shayiri.
Shayiri ile ilinivika viatu, ikanisomesha.
Siwezi kuitukana leo
kwa mdomo uleule ulioshiba.

Ila haba na haba hujaza kibaba,
nawe ulidhani methali hiyo ni ya ghala peke yake.
Haba ya mbolea ambayo mzizi haukuiwahi.
Haba ya samadi ya nguruwe wa Kjærsgaard.
Haba ya udongo mweusi, Novemba,
mvua inapouchuna mteremko kama ngozi:
nimeuona ukishuka, mzito, kahawa isiyochujwa.
Kibaba kilikuwa ghuba.

Agosti Solvejg alinipeleka huko,
yeye aliyetega mikunga
kabla mitego haijawa pambo la ukutani.
Akazima injini. Chini,
palipokuwa na nyasi za bahari zilizolala na kuamka na mkondo,
pametandikwa kitu cheupe, chembamba, kimya.
"Sanda," alisema. Ndivyo wavuvi wanavyokiita.
Kaa walikuwa wameparamia nguzo za gati,
nusu nje ya maji, wakitafuta pumzi.
Solvejg hakunilaumu.
Afadhali angenilaumu.

Basi nimekuja na sepetu yako.
Ukingoni nimeacha mita kumi na mbili bila plau.
Kule juu, baada ya mavuno, nimemwaga rai,
si ya kuvuna, ya kushika tu.
Na hapa nachimba.
Kigae cha kwanza kina alama ya kidole gumba,
si chako, cha mtu wa tanuri nisiyemjua.
Nimeweka changu humo. Kinaenea.
Halafu nikakivunja.

Maji yamesita,
kama mgeni aliyekuta mlango umehamishwa,
kisha yakaanza kutanda, polepole,
yakikumbuka umbo la bonde.

Kjærsgaard amesimamisha trekta barabarani.
"Hekta moja na nusu!" anapaza sauti.
"Baba yako atageuka kaburini!"
Nimemjibu: basi na ageukie upande huu, aone.
Hakucheka. Wala hakuondoka.

Sasa ni Mei ya pili. Matete yamenifika mabegani,
ndege nisiyemjua jina anaponda usiku kama mtwangaji.
Malthe amechovya tena, pale maji yanapotokea.
Yeye anasema waridi.
Mimi nasema waridi hafifu.
Tumebishana hadi kikaratasi kikakauka.
Ghuba haina habari nasi bado;
deni la miaka sabini halilipwi kwa bwawa moja.

Nimezungusha uzio.
Krismasi hii nitasimulia mimi, Baba.
Ng'ombe nitawaacha wawili.