Upana wa Punje ya Ufuta

Siku ya arobaini gari halikuwaka,
ndipo nikaitwa.

Benzi la rangi ya maziwa yaliyolala.
Marehemu mzee Ewald Nampunju alilinunua kwa mapadri wa hapa Ndanda
mwaka ambao fedha za korosho zilitoka kwa wakati
(uliwahi kuwapo, msinicheke).
Nilikuta vijana sita wamelisukuma mpaka mteremko wa hospitali,
wanahema, vumbi jekundu limewafika magotini.
Nikasema: hili ni otomatiki, jamani.
Mtalisukuma mpaka Mingoyo
na injini haitazunguka hata mara moja.
Gia zake zinashikwa kwa mafuta,
na mafuta hayapati nguvu
mpaka injini iwake kwanza.
Wakanitazama kama mtu aliyekuja kutukana msiba.

Betri, nzima. Taa kali mchana kweupe.
Honi nilipoigusa, kuku wakahama banda.
Lakini ufunguo ukizungushwa:
kimya.
Hata kwikwi ya selfu hakuna.
Kimya cha mtu aliyesikia swali
na anakutazama tu.

Nikalala chini yake, tope la Machi likanilamba mgongo.
Ubavuni mwa giaboksi ipo swichi, kubwa kama kiberiti,
na maisha yake yote inauliza jambo moja:
Umetulia? Uko paki, uko nyutro?
Ukiitikia, inapitisha umeme.
Hii shaba yake ilikuwa imelika,
imekuwa kama sikio la uzeeni.

Mpwa wa marehemu, Deogratias, akachuchumaa:
“Fundi, si uunge waya tu? Moja kwa moja?”

Waya mmoja. Dakika tano, na soda.
Nami nikainua suruali, nikamwonyesha mguu wangu wa kushoto
ulivyopinda chini ya goti.
Nachingwea, Krauni ya karani wa ushirika.
Niliunga waya, nikasimama mbele, boneti wazi,
nikamwambia karani, piga.
Gia ilikuwa mbele.
Ukuta wa ghala ulikuwa nyuma yangu.
Tangu hapo kitu kikinikataa
naanza kwa kukiuliza, kwa adabu,
kinanikinga na nini.

Mjane alikuwa ndani ya gari muda wote huo.
Mwalimu Skolastika, kiti cha abiria,
miaka thelathini na mmoja kiti hichohicho,
kitambaa kimechukua umbo lake.
Akasema, bila kupandisha sauti:
“Halikuwa likiwashwa na mtu mmoja.”

Tukageuka.

“Yeye ufunguo. Mimi mkono wa gia.
Naupeleka paki, halafu naurudisha kidogo,
upana wa punje ya ufuta, kuelekea rivasi.
Naushikilia. Ananiambia, tayari mama?
Nasema, tayari.
Kila asubuhi.
Hata siku tulizonuniana,
nilisema tayari.”

“Shangazi,” Deogratias akasema, “mbona hukutuambia?”

“Mliniuliza?”

Akashuka, akalizunguka gari polepole,
kanga nyeusi ikafagia bampa,
akaketi nyuma ya usukani
ambao hakuwahi kuugusa ila kuufuta vumbi.
Akaniamuru niingie upande wake.
Kiti kilinikataa kidogo, umbo halikuwa langu.

“Usibane, fundi. Shika kama unavyomshika mtoto
aliyeanza kusinzia.”

Nikarudisha punje ya ufuta. Hapana.
Nusu punje.
Hapo kitu kikagusana na kitu, chini huko,
nikakisikia kwenye ncha za vidole.

“Tayari, fundi?”

Koo lilinikauka, sijui kwa nini.
“Tayari.”

Benzi likakohoa moshi wa siku arobaini,
likanguruma, vioo vikatetemeka,
vijana wakapiga makofi, mmoja akajuta, akaficha mikono.
Mwalimu hakuondoa breki.
Alikaa, viganja vyake viwili juu ya usukani,
mpaka sindano ya joto ikapanda robo.
Kisha akazima.

“Swichi mpya usilete,” akasema.
“Kesho saa mbili uje.
Unifundishe kurudi nyuma kwanza,
mbele nitajua mwenyewe.”