Madigadi

Ekwaru aliiegemeza ukutani,
akaizunguka mara mbili kama mnunuzi wa ng'ombe,
akataja bei kabla ya ugonjwa:
laki mbili na nusu.
Rimu mpya, gia sita, breki za waya.
"Mama, utaingia Soroti jasho halijatoka."

Namwamini. Kila alfajiri toka Arapai
pedali ya kushoto, iliyobaki chuma kitupu,
hunitafuna soli;
na mvua ikinyesha, breki huomba radhi
badala ya kushika.
Juzi nusura niingie chini ya lori la mihogo.

Nikapiga hesabu kiganjani:
karo ya Asekenye muhula wa pili,
deni la mbegu za karanga,
nauli ya bodaboda nisiyoilipa
mwaka wa kumi na moja huu.

Akanipa ya mteja mwingine niijaribu.
Lo! Ilikwenda kimya kama mwizi wa kuku,
hadi kituo cha mafuta na kurudi,
bila neno.
Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi.

Maana yangu husema.
Madigadi ya nyuma, niliyoifunga kwa mpira wa tairi,
huanza kulalama tangu kwenye daraja,
na Asekenye, akiisikia gizani,
huchota unga wa wimbi, huchochea moto,
huondoa komeo.

"Breki, Ekwaru. Na hiyo pedali.
Rimu tutazungumza karanga zikikomaa.
Madigadi usiiguse."

Akacheka, akatafuta spana.
Elfu thelathini na tano.
Nikamwomba apunguze.