Goti Halijapata Habari

Mizani ya bafuni ilijua tangu Rajabu.
Fundi wa Ruwi alijua, akafumua madera saba,
akanirudishia vipande vya kutosha kushona la nane.
Goti la kushoto ndilo halijapata habari.
Bado linajikunja kwa hadhari, kama mpagazi
anayeinama kupokea gunia lililokwisha shushwa.

Kilo arobaini na moja.
Siku moja niliingia stoo, nikakumbatia mifuko miwili ya basmati,
ya ishirini ishirini, nikaiambia: haya, tupande ngazi.
Kipandio cha tano hatukukifika.
Nikakaa palepale, mchele mapajani,
nikayaomba radhi magoti.

Mbio nilizianza kwa pupa, kama kuku aliyefunguliwa tenga.
Ufukwe wa Al Hail, baada ya sala ya alfajiri, Agosti,
hewa unaweza kuikamua kama nguo.
Nilitua kwa kisigino, pu, pu, pu,
natwanga kisamvu kisicho mlaji.
Mwendo ulikuwa bado wa yule mnene:
miguu panda, mabega nyuma,
kiwiliwili kikizuia tumbo ambalo halipo.
Wiki ya tatu ugoko ukawaka.
Wiki ya nne nikashuka ngazi za nyumba yangu kinyumenyume,
mjukuu akidhani ni mchezo, akinifuata vivyo hivyo.

Bindu, mtaalamu wa viungo, mtu wa Kerala,
Kiarabu chake cha kuungaunga, changu kinanuka karafuu,
hakunikataza. Alinipiga picha ya video nikikimbia
akaniwekea polepole.
"Huyu nani?"
Nikasema: mimi wa mwaka juzi.
"Moyo hujifunza kwa wiki," akasema. "Misuli kwa miezi.
Kano..." akatafuta neno,
"kano ni kama ofisi ya serikali. Njoo kesho."

Akanipa kazi isiyo na sifa.
Kukaa kitini na kuinuka bila mikono, kumi, mara tatu.
Mpira mapajani, niende upandeupande kama kaa
kutoka kwenye televisheni hadi kwenye kabati la vyombo.
Visigino nje ya ukingo wa ngazi: panda,
shuka polepole, na polepole kuliko hapo.
Kusimama mguu mmoja nikingoja birika lichemke.
Na mbio? Dakika moja kimbia, mbili tembea.
Hatua fupi. Wayo utue chini yako, si mbele yako,
kana kwamba chumbani mna mtoto aliyelala.

Ijumaa akaja shangazi Zamzam na halua.
"Umekwisha, mwanangu. Sukari? Usinifiche."
Akanishika mkono wa juu, ngozi ikamjaa vidoleni
kama shati la kuazima.
Nikamwambia, bonyeza ndani.
Akabonyeza. Akakuta kitu. Akabonyeza tena.
"Hiki nini?"
Madumu ya maji, shangazi. Ya lita tano. Kumi na mbili kwa kila mkono.
Akanitazama kwa muda,
kisha akala halua yangu pia.

Leo nimekimbia kilomita tatu.
Vijana wamenipita, paka mmoja amenipita.
Kwenye nguzo ya taa ya kumi na saba,
mahali maumivu yalipozoea kunipokea,
nimepunguza, nimeyasubiri kwa adabu.
Hayakuja.

Nikamkumbuka yule mnene, ambaye watu huniambia
alhamdulillahi ameondoka.
Mifuko miwili ya mchele, miaka ishirini,
sokoni, jikoni, hospitali kumuuguza mama,
juu ya magoti haya haya, bila Bindu, bila viatu vya maana.
Nani alisema alikuwa dhaifu?
Mapaja ninayokimbilia aliyajenga yeye.

Nimerudi. Jasho linachuruzika vigae.
Nimeteleka birika,
nimeinua mguu wa kulia,
la kushoto linatetemeka, linatetemeka,
limesimama.