Hazitakiwi Kulala

Mfuko uliingia jana saa nane na robo mchana,
ukiwa bado na joto la mkono wa kijana.
Kidato cha tano. Jina tumelificha ndani ya namba,
lakini Nyamizi aliyemtoa hajui kunyamaza:
"Huyu aliuliza kama soda ni moja au mbili."

Wanasema damu nzito kuliko maji.
Mimi ninayo mizani: gramu mia tano sitini,
pamoja na ganda la mfuko
na dawa ya kuizuia isigande.

Niliutia kwenye kikombe cha mashine,
upande wa pili nikauwekea mwenzake,
nikaongeza kipande cha mpira, nikachungulia, nikaongeza kingine.
Mashine hii haikubali mzigo wa upande mmoja.
Ukiipunja, inatetemeka
mpaka vioo vya dirisha vinalalamika.

Baba alikuwa mrina asali, kule Ipole.
Alikamua masega kwa kitambaa, kwa viganja,
kisha akaiacha ndoo itulie usiku kucha:
nta juu, asali chini,
na katikati mbawa za nyuki waliokataa kuhama.
"Usikoroge," alisema. "Kila kitu kinajua kwao."

Mashine ilipokoma, nyekundu ilikuwa imekaa chini.
Juu yake manjano yenye ukungu,
kama asali iliyoanza kufikiria kuganda.
Nikaibana taratibu, ikapanda mrija, nikauchomea mrija.
Tukazunguka tena, kwa kasi ya pili.
Mfuko mmoja ukawa mitatu.

Nyekundu kwenye jokofu: siku thelathini na tano.
Utegili kwenye barafu: mwaka mzima, ukitaka.
Chembe sahani: siku tano basi,
tena hazitaki baridi, tena hazitaki kutulia.
Tunazilaza juu ya kitikisio,
nenda rudi, nenda rudi,
zikitulia zinashikana na hazifai.

Leo alasiri majibu ya vipimo yametoka. Safi.
Nyekundu imeshaondoka, kwa mzazi
aliyeletwa na pikipiki kutoka njia ya Urambo.
Utegili tumeuyeyusha kwa ajili ya mrina asali mmoja,
kaumwa na kifutu, damu yake imesahau kuganda.
Sikwenda kumwona. Nimesoma fomu mara mbili.

Baba naye kifutu.
Walimpa damu nzima, chupa mbili, ndiyo iliyokuwepo.
Sikujua wakati ule kuuliza
ndani ya chupa ile, alichokihitaji kilikuwa kiasi gani.

Saa tatu usiku Tabora yote ikazima.
Jenereta inabeba majokofu tu; kitikisio hakimo.
Kanuni inaruhusu kusubiri masaa kadhaa.
Sikutaka kuijaribu kanuni
juu ya mtoto wa miaka saba, wodi ya watoto,
Kalunde, fizi zinavuja tangu juzi,
atakayewekewa asubuhi.

Nikauchukua mfuko viganjani.
Nenda rudi. Nenda rudi.
Mwanga wa simu ukiupita, ndani mnazunguka moshi wa lulu,
dalili kwamba zipo hai.
Nimelea watoto wawili, najua kubembeleza,
ila huku ni kubembeleza kinyume:
msilale, msilale, bado hapajakucha.

Wapagazi wa zamani walichanjana chale,
wakalambana damu, wakaitwa ndugu hadi kaburini.
Huyu kijana wa soda moja au mbili
kufikia kesho ana ndugu watatu,
na hata akikutana nao sokoni
atawapita akihesabu chenji yake.

Umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro.
Nikaurudisha mfuko juu ya kitikisio, nikasaini daftari,
nikamimina chai kwenye kikombe.
Nusu ilimwagika mezani.
Mikono haikuwa imepata taarifa.