Kitelezi cha Kivuli

Kompyuta ya zamani bado iko chini ya meza,
imefunikwa kitenge cha mke wangu, kama mgonjwa.
Ezaruku wa vyuma chakavu amekuja mara tatu,
kila akija bei imepanda.
Siiuzi.

Ndani yake mlikuwa na ile programu.
Waliitengeneza watu nisiowajua
lakini wao walinijua:
walijua kuna fundi anayetumia mkono wa kushoto,
wakaacha vitufe vihame, vimfuate.
Walijua Arua umeme hukatika saa moja jioni
harusi ikiwa nusu imesafishwa.
Ukirudi, picha ilikuwa pale pale, nukta kwa nukta,
hata kosa langu la mwisho limetunzwa.

Na kivuli! Kitelezi kimoja tu, chembamba;
ukikivuta polepole uso unatoka gizani
bila kuusahau weusi wake huko.
Bibi harusi wa Ediofe alibaki yule yule
mamake aliyempaka mafuta asubuhi.

Kisha ujumbe: tunawashukuru kwa miaka yote,
hatutaiendeleza tena.
Mistari miwili.
Hata jogoo wa kuchinjwa huambiwa zaidi ya hayo.

Hii mpya naililipia kila mwezi, kama pango.
Ina haraka. Haiulizi.
Inawang'arisha watu mpaka wote wanakuwa ndugu.

Juzi Bi Candiru alileta picha ya mwanawe, marehemu Drileba,
ndogo, ya kitambulisho,
mchwa wamekula upande wa kulia.
Nikabonyeza mara moja.
Ikaziba tundu, ikachora jicho la pili,
jicho zuri, linatazama mbele kama askari.
Akaishika picha, akaisogeza mlangoni penye mwanga.
"Huyu ni nani?" akasema.
"Wangu alikuwa na makengeza."

Sikumtoza kitu. Nikamwambia arudi Ijumaa.

Jioni nikaondoa kitenge, nikawasha ile ya zamani.
Feni ilikohoa mara mbili,
kioo kikawa buluu, kikawa cheusi,
nikajiona humo, nimeinama.

Nikarudi kwenye hii mpya. Nikafuta jicho lake.
Nikaanza kuchora langu kwa mkono wa kushoto,
mboni ikikimbilia puani kidogo,
kama alivyonionyesha kwa jicho lake mwenyewe
akiwa amesimama hapo, bila aibu.

Nilikuwa nimefika kwenye kope.
Saa moja ikapiga. Umeme ukaondoka na jicho.

Ijumaa bado siku mbili.