Atakayeshika Begi

Merlie,
tiketi za ndege nimezipata, zile za bei ya kutupa:
kwenda Jumamosi usiku, kurudi Jumatatu alfajiri.
Usinicheke. Begi moja la mgongoni kwa watu wawili,
kilo saba, ikizidi tunalipishwa.
Nimelipima kwenye mizani ya muuza samaki hapa La Paz,
likaja kilo saba na nusu, na harufu juu.
Nimetoa taulo.

Mpango nimeuandika kwenye daftari la kazi,
kurasa za nyuma; za mbele zina friji za watu na madeni yao.
Mapumziko yako ni Jumapili tu,
basi Jumapili ndiyo safari yenyewe,
siku nyingine ni za kuisindikiza.
Nimezigawa saa kama mtu anayekata samaki mmoja
na wageni wameshanawa:
saa nne, lango likifunguliwa, kigari cha waya;
saa tano na robo, mashua ya maporomoko;
saa saba, kula (wali tunafunga wenyewe, bei zao nimeziona);
saa nane na nusu, treni ya mizunguko, ile kubwa.

Jonabel kasimama ukutani asubuhi, bila viatu.
Sentimita mia moja na kumi na nane.
Treni kubwa inataka mia na ishirini.
Akala mayai mawili, akarudi ukutani apimwe tena.
Alama uliyomchorea wewe iko chini ya kitasa cha mlango.
Kitasa sasa kinamfika begani.

Jana usiku nikakutumia orodha, natafuta sifa kidogo.
Ukajibu kwa sauti, kwa kunong'ona, nadhani ulikuwa chooni,
maneno yalikuwa yakigonga vigae:

"Msianze na kigari cha waya, saa nne dunia nzima iko huko.
Anzeni nyuma, kwa pengwini, halafu mteremke.
Choo cha karibu na farasi wa kuzunguka kina foleni,
cha nyuma ya duka la kofia hakina mtu.
Maji msinunue, kuna bomba pale kwenye ngazi.
Saa nane jua linapiga mabenchi yote, ila moja.
Na yule kijana wa treni kubwa, zamu ya mchana,
sentimita moja hakusamehe. Msibishane naye."

Nikauliza, umeyajuaje yote haya?
Kimya. Nikasikia maji yakivutwa.

"Nimekwenda mara kumi na moja. Na Ka-ho."

Kumi na moja! Hata hiyo nikaiandika.
Basi ikoje treni kubwa, Merlie?
Ni kweli tumbo linabaki juu, mtu anashuka bila nalo?

"Sijui," ukasema. "Mimi husimama pale wanapotokea.
Nashika begi, koti, chupa, miwani ya mama yake.
Wanatoka nywele zimesimama, wanacheka kama walevi,
wengine wanamkumbatia mtu wasiyemjua.
Kupanda, sijapanda."

Kalamu ilikuwa mkononi. Sikujua niandike nini.
Nikasema, kama umepachoka, tuache,
tukae nyasini na rafiki zako, tutandike makaratasi,
tule pansiti. Jonabel hatalia sana.

"Kampime tena mtoto," ukasema,
ukakata, maana mlango ulikuwa unagongwa.

Nimempima. Mia moja na kumi na nane.
Mayai hayana haraka.

Kwa hiyo nimefuta, nimeandika upya:
saa nne, pengwini, kama ulivyosema.
Saa nane, lile benchi.
Saa nane na nusu, treni kubwa, mtu mmoja,
asiyekuwa na kitu mkononi.
Fungua nywele ukitaka. Piga kelele, hakuna aliyelala.
Mimi na Jonabel tutakuwa pale mnapotokea.
Begi ni kilo saba tu,
nimeshalipima.