Mkono wa Kushoto

Dakta Ayikoru huanzia mwisho.
Huchora dawa nzima ubaoni, pete tatu na mkia,
kisha mshale mpana, mtupu ndani, wa kurudi nyuma,
na kusema: fumueni.
Nasi twafumua, kama mtu afumuavyo mkeka wa watu
ajue ukindu wa kwanza ulilazwa wapi.
Kata kifungo hiki. Kata kile.
Mpaka vibaki vitu vya kawaida, vya kununua,
vilivyomo kabatini mwa Kakuru
au vilivyokwisha tangu Machi.

Hatua nane, kila hatua sabini kwa mia.
Ainembabazi alipiga hesabu kiganjani:
katika kila mia tunazoanza nazo
hazitatufikia hata sita.
"Hapa," akasema, "haba na haba humaliza kibaba."

Hatua ya tano, Jumatano, saa nne usiku,
mabomba ya Mbarara yalikohoa, yakanyamaza.
Kipoza bila maji ni koo tu.
Tukabeba jerikeni kutoka tangi la bweni,
yeye anamimina juu, mimi nakinga chini kwa beseni,
maji yale yale, mpaka adhana ya alfajiri.

Lakini ya sita ndiyo niliyoiogopa.
Kuna kaboni moja pale
imeshika vitu vinne visivyofanana,
na yaweza kuvishika kwa namna mbili,
kama glavu mbili za jozi moja.
Ya kulia haitibu kitu.
Ya kushoto ndiyo dawa.

Nilirudia kuisoma sentensi hiyo.

Kule Ishaka, darasa la pili, Mwalimu Bitarabeho
aliufunga mkono wangu huu kwa leso yake ya jasho;
ukifunguka, aliupiga kwa ubapa wa rula.
Kushoto si mkono, alisema, ni utovu wa adabu.
Nikajifunza kuandika kwa ule mwingine
herufi zinazolala kama migomba baada ya mvua ya mawe.

Na Ayikoru, bila kugeuka, chaki ikikwaruza:
"Protini zenu, za nywele, za kucha, za moyo,
zimejengwa kwa matofali ya kushoto.
Kwa nini, hakuna ajuaye. Tuendelee."

Tuendelee!

Fuwele zilitoka Ijumaa, nyeupe,
za kujaza nusu ya kisoda.
Tukaziyeyusha, tukazitia kwenye mrija,
Kakuru akafunga mapazia, akawasha taa ya njano.
Niliweka jicho, nikazungusha taratibu.
Mwanga ulikuwa umepinda.

"Upande gani?" akauliza Ainembabazi, daftari mkononi.
Sikumjibu. Nilimpokonya kalamu kwa mkono huu,
nikaandika alama ya kutoa, na namba yake,
hati mbaya, ya mtoto wa darasa la pili,
lakini imesimama.